Unajaribu dawa mpya kwenye mitufaha? Bakiza miti ya maji matupu

Kabla hujapiga dawa ya vidukari (wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mti) shamba zima, chagua miti michache uipulizie maji tu (anza nayo, pampu ikiwa safi), mingine ipige dawa, halafu funga vitambaa kwenye matawi kadhaa ya kila kundi uhesabu wadudu matawi hayohayo kabla ya kupiga na tena baada ya siku 3 na 7. Bila miti ya maji hujui kitu aisee, vidukari hupungua wenyewe mvua ikinyesha au wadudu rafiki wakiwala, dawa ikapewa sifa ya bure. Ruka mstari mzima kati ya miti ya maji na ya dawa, upepo ukipeperusha dawa jaribio limeharibika. Kwa viwavi wanaotoboa tunda kuhesabu kwenye matawi hakufai, wakishaingia ndani huwaoni kwenye tawi, hesabu matunda yaliyotobolewa wakati wa kuvuna.