Panda viungo vyako dirishani, shamba sio lazima

Kama unakaa ghorofani usijali, dirisha linalopata jua masaa 6 hivi kwa siku linatosha kabisa. Chukua kopo lolote, ndoo kuukuu au dumu la lita 5 ulilokata juu, ila toboa matundu chini maana mizizi ikikaa kwenye maji inaoza, na hapo ndo wengi wanafeli halafu wanasingizia mbolea.

Anza na mnanaa, huo hata mvivu anauweza. Kata kijiti cha sentimita 10 hivi chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapoota kwenye shina), toa majani ya chini, tumbukiza kwenye glasi ya maji, wiki 1 au 2 ukiona vimizizi vyeupe hamishia kwenye udongo. Upe kopo lake peke yake lakini, ukiuchanganya na wenzake utawameza wote!

Giligilani haipendi kuhamishwahamishwa, pasua mbegu kidogo panda hapo hapo. Mrehani kata ncha mara kwa mara, ukichomoza maua nyofoa.

Maji? Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya kwanza mwagia, ukiwa na unyevu achana nao.