Laptopu Kuukuu Inapokataa Mfumo Mpya: Kasoro za Kukagua Kabla ya Kukata Tamaa

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi zinazofika kwenye meza yangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, ni zile zilizoletwa nchini zikiwa zimeshatumika Ulaya, ambazo Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, au kwa kuwa prosesa yake ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha nane. Nyingi kati yake bado zinafaa kwa Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Usakinishaji wa Mint ukikwama, wenyewe huamini kuwa mashine imekufa, ilhali mara nyingi tatizo ni dogo na linatengenezeka kwa bei ya nauli ya matatu.

Kabla ya lolote, nakili faili zote kwenye diski ya nje. Hata mwenye kompyuta akikuambia kuwa hana cha maana humo, nakili. Picha za watoto hukumbukwa diski ikishafutwa.

Hatua ya kwanza ni flashi ya kusakinishia. Faili ya ISO, yenye mfumo mzima wa Mint, iliyopakuliwa kwa bando, mtandao ukikatikakatika, inaweza kufika ikiwa na hitilafu isiyoonekana, kwa hiyo linganisha alama yake ya SHA-256 (msururu wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili) na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, ipakue upya. Kisha iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, kwa sababu kuinakili tu kama wimbo hakuifanyi flashi iweze kuwasha kompyuta. Jihadhari pia na flashi bandia zinazojionyesha kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo, kwani hupokea data yote na kupoteza sehemu yake bila kukuarifu.

Hatua ya pili ni saa, na hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mwanafunzi mmoja aliniletea laptopu iliyosakinishwa vizuri lakini ikakataa kila sasisho, ikidai kwamba hifadhi za programu bado hazijaanza kuwa halali. Nilipofungua BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, tarehe ilikuwa 1 Januari 2009. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama, ambayo hutakiwa kutoa volti 3, ilikuwa imeisha, na kila mara laptopu ilipochomolewa chaja na kuishiwa moto, saa ilirudi nyuma. Tulibadilisha betri, tukarekebisha tarehe, na sasisho zote zikaingia.

Ikiwa usakinishaji umekamilika lakini kompyuta inasema haioni diski ya kuwashia, angalia kama flashi iliwashwa kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, ilhali BIOS imepangwa kuanza kwa Legacy, njia ya zamani, au kinyume chake. Chagua njia moja, kisha usakinishe upya kwa njia hiyohiyo: UEFI kwa diski yenye jedwali la sehemu zake la aina ya GPT, Legacy kwa yenye MBR. Ikiwa kisakinishi hakiioni diski kabisa, tafuta ndani ya BIOS mpangilio wa SATA, unaohusu jinsi diski inavyounganishwa, na uubadilishe kutoka RAID kwenda AHCI, ukijua kwamba Windows iliyomo inaweza kushindwa kuwaka baada ya hapo.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu ya mwanzo, rudi kwenye menyu hiyo, bonyeza e, badilisha maneno quiet splash kwenye mstari unaoanza na linux yawe nomodeset, kisha bonyeza F10.

Kuganda kunahitaji subira. Usakinishaji ukiganda mahali palepale kila mara, ninashuku flashi au diski. Ukiganda mahali tofauti kila jaribio, ninashuku RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au joto. Zima kompyuta, toa chaja na betri, chomoa vipande vya RAM, na usugue taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli hadi weusi utoke. Rudisha kipande kimoja kimoja, na kila kimoja ukipime kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, hadi duru nzima ikamilike, hata kama itachukua saa kadhaa. Kosa moja tu jekundu linatosha kukikataa kipande hicho.

Kwa diski, washa Mint kutoka kwenye flashi, fungua programu ya Disks na usome taarifa za SMART, yaani ripoti ya diski kuhusu afya yake. Idadi ya sekta zilizohamishwa (Reallocated Sector Count), yaani sehemu mbovu ambazo diski imeacha kuzitumia, ikizidi kupanda, usisakinishe juu ya diski hiyo. Nunua SSD, diski isiyozunguka, kwanza.