Namna ya Kuishi na Uoni Hafifu Shuleni, Chuoni na Barabarani: Mwongozo kwa Kijana

Kijana asiyeona kabisa hutambuliwa mara moja, na hata wanaomkosea adabu wanajua wanamkosea nani. Kijana mwenye uoni hafifu hana nafasi hiyo. Anatembea bila kushikwa mkono, anacheza na simu, anaweza hata kukimbiza mpira wakati jua likiwa zuri, kisha akiingia darasani hasomi hata neno moja ubaoni, na jioni anampita shangazi yake njiani bila kumsalimu. Mwalimu anasema ni mvivu, mtaani wanasema anaringa. Mwongozo huu unamhusu kijana huyo, hasa wa Tanzania anayesoma sekondari au anayejiandaa kwenda chuo, na unaanzia mahali ambapo wengi wetu tulichelewa kuanzia, yaani kujua kwa usahihi tunaona nini na hatuoni nini.

Lijue jicho lako kabla ya kulieleza

Nenda kliniki ya macho, na usiondoke na jibu la "macho yako ni mabovu" tu. Hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zina wataalamu wa macho, na hospitali nyingi za mikoa hupima uwezo wa kuona. Omba uandikiwe vipimo vya kila jicho, kwanza bila miwani na kisha ukiwa umevaa miwani. Kipimo cha 6/60, kwa mfano, maana yake ni kwamba herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa umbali wa mita 60, wewe unaisoma ukiwa mita 6. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na uoni hafifu pale jicho lake lililo bora linapobaki chini ya 6/18 hata baada ya matibabu na miwani, au pale upana wa eneo analoliona unapokuwa chini ya nyuzi 10 kutoka katikati.

Namba hizo peke yake hazitoshi, kwa sababu vijana wawili wenye kipimo kilekile wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa. Mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, macho yake huchezacheza bila yeye kutaka, na miwani humsaidia kiasi tu, kwa kuwa sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haikukua kikamilifu tangu tumboni. Mwenye ugonjwa wa retina unaoanza kula pembeni huona kama anayechungulia kwenye bomba: anasoma gazeti vizuri, lakini hujikwaa kwenye kigoda kilicho miguuni pake, na giza likiingia hana tena njia. Aliyepoteza uoni wa katikati naye hutembea bila shida ila uso wa mtu anayemtazama humpotea, hivyo hujifunza kutazama kando kidogo ili amwone, jambo ambalo wakubwa hulichukulia kuwa ni dharau. Muulize daktari wewe uko kundi gani, kama hali yako itabaki hivyo au itaendelea kushuka, na mwanga wa aina gani unakufaa. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoongoza kila kinachofuata.

Andaa maelezo mafupi na uyazoee

Kusema "sioni vizuri" hakusaidii. Anayekusikia hufikiri unahitaji miwani, na akikuona umeivaa hudhani mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe kidato cha kwanza nilinakili kwenye daftari la jirani yangu muhula mzima, makosa yake yakiwa makosa yangu, kwa sababu niliogopa kuitwa kipofu na sikuwa na maneno mengine ya kujieleza.

Sema kazi unayoiweza, kisha unayoshindwa, kisha unachoomba. Kwa mwalimu unaweza kusema hivi, ukiwa umemfuata ofisini na si mbele ya darasa: "Shikamoo mwalimu. Kitabu ninakisoma nikikisogeza karibu sana na uso, lakini ubaoni sioni hata nikikaa dawati la mbele. Naomba usome kwa sauti unachokiandika, na uniruhusu nisogee au nipige picha ubao." Kwa rafiki, maneno ni machache zaidi: "Nikikupita bila salamu ujue sijakuona. Niite jina langu, kisha ujitaje." Utashangaa ni ugomvi mwingi kiasi gani ambao maneno hayo kwa rafiki huuzuia, hasa shule za bweni ambako kutosalimu kaka au dada wa kidato cha juu ni kosa.

Darasani na katika mitihani

Chagua mahali pa kukaa kwa kufuata mwanga, si kwa kufuata desturi ya kwamba asiyeona vizuri akae mbele katikati. Ikiwa mwanga unakuumiza, kaa ukilipa dirisha mgongo na uvae kofia yenye ukingo. Eleza mapema kwamba kofia hiyo ni kifaa, ili usiadhibiwe kwa kuivaa na sare. Ikiwa unahitaji mwanga mwingi, utoke nyuma ya bega lako na si mbele ya macho. Ubao mweupe unaong'aa husumbua wengi kuliko ubao mweusi wenye chaki, kwa hiyo jaribu kuhama hatua mbili tatu upande mmoja mng'ao unapofunika maandishi.

Usikubali kukatazwa kusogeza kitabu karibu na uso. Wazee wengi huamini kwamba kufanya hivyo kunaharibu macho, nao husema kwa nia njema, lakini sivyo: ukipunguza umbali kwa nusu, herufi huonekana kubwa maradufu, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukuza maandishi. Kinachoumia ni shingo na mgongo. Inamisha kitabu juu ya ubao ulioegemezwa kwenye mkoba, nawe ukae wima. Andika kwa kalamu nyeusi nene badala ya penseli au wino wa bluu, na kata kipande cha kadi nyeusi chenye upenyo wa mstari mmoja ukiweke juu ya ukurasa, ili jicho lisipotee kati ya mistari.

Kuhusu mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, kwa wasioona, na huongeza muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hayo hayaji yenyewe siku ya mtihani. Ni lazima shule iwe imekuandikisha kama mtahiniwa mwenye uoni hafifu, kwa hiyo peleka cheti cha daktari kwa mwalimu wa taaluma wakati wa usajili, kisha rudi baada ya wiki kadhaa uulize kama kweli taarifa ilijazwa. Fanya pia majaribio ya nyumbani kwa muda huo wa nyongeza, maana kusoma maandishi makubwa kunachosha, na dakika usizozizoea hupotea bure.

Ikiwa daktari amekuambia kwamba uoni wako utaendelea kushuka, anza nukta nundu sasa, wakati bado unaona. Vidole huchukua muda mrefu kuzoea nukta sita, na ni nafuu kujifunza bila haraka kuliko kujifunza ukiwa tayari umekwama.

Simu

Karibu simu zote za Android zina namna ya kukuza skrini na pia TalkBack, inayosoma kwa sauti kila unachogusa. Programu ya Google ya kusoma maandishi ina sauti ya Kiswahili. Kabla ya kuiwasha TalkBack jifunze kuizima, kwa sababu ikishawaka mguso mmoja huchagua tu na miwili ya haraka ndiyo hufungua, na vidole viwili ndivyo huviringisha ukurasa. Vaa kisikilizi cha sikio moja unapofanya muamala wa fedha, na usimtajie wakala namba yako ya siri hata akijitolea kukusaidia.

Fimbo na barabara

Hapa ndipo vijana wengi wenye uoni hafifu hukataa ushauri, nami nawaelewa. Kushika fimbo nyeupe ukiwa bado unaona ni kama kukiri jambo ambalo hujalikubali. Lakini inasemwa kwamba mtu wa kwanza kupaka fimbo yake rangi nyeupe alikuwa James Biggs wa Bristol, Uingereza, mwaka 1921, aliyepofuka kwa ajali, na alifanya hivyo ili madereva wamwone yeye. Fimbo ina kazi mbili: kukuonyesha njia na kuwaambia wengine. Hata kama huihitaji kwa kazi ya kwanza mchana, unaweza kuihitaji kwa ya pili kwenye kivuko, na kwa zote mbili usiku.

Fimbo ya kutembelea ifike kidarini ukiwa umesimama. Ishike mbele ya kitovu, uipeleke kushoto na kulia kwa upana unaozidi mabega yako kidogo, ncha iguse kushoto mguu wa kulia unapotangulia, na iguse kulia unapotangulia wa kushoto. Hivyo mahali pa hatua ijayo pamekwisha kukaguliwa. Jizoeze kwanza uwanjani, halafu kwenye njia unayoifahamu yenye mtaro usiofunikwa, kwa sababu mitaro ndiyo adui mkubwa wa miji yetu. Unapovuka, usiridhike na magari kusimama. Bodaboda hupenya pembeni mwa gari lililosimama, kwa hiyo simama kidogo kila unapofika ubavuni mwa gari na usikilize kabla ya kuendelea. Mtu akitaka kukusaidia asikuvute mkono. Wewe ndiye umshike juu kidogo ya kiwiko, naye atangulie nusu hatua.

Kwa daladala za Dar es Salaam, mstari wa rangi ubavuni huonyesha njia, na wengi wetu huuona mapema kuliko maandishi ya mbele, ila rangi isikutoshe: muulize konda kabla ya kupanda. Ukishapanda, mtajie kituo unachoshukia na umwambie huoni vibao, kisha kaa siti iliyo karibu na mlango, na umkumbushe tena gari likianza kukaribia, kwa maana naye ana abiria wengine thelathini wa kuwadai nauli.