Rasimu alfajiri, marekebisho jioni

Waandishi wenzangu wenye familia, msichanganye kuandika na kurekebisha katika kikao kimoja. Nilipoteza miezi kwa kosa hilo: nafungua sura ya saba, najikuta nimerudi kuipiga msasa sura ya kwanza, mara mtoto kaamka.

Sasa rasimu mpya naiandika saa kumi na moja alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, naye alikuwa akiandika kabla ya mapambazuko, huku akilea wana wawili na kufanya kazi ya uhariri. Saa hiyo siyasomi ya jana. Nasoma mstari mmoja tu niliouacha kwenye daftari, kwa mfano: “Mama anaiona barua.” Yaani kila siku nakatisha pale ninapojua kinachofuata, ili kesho nipate pa kushika. Hili ndilo limeniokoa kuliko yote, maana mwenye watoto hana nusu saa ya kukaa akitafuta pa kuanzia.

Marekebisho yanasubiri jioni, kwenye karatasi zilizochapwa, kurasa tano. Maharage yakiwa jikoni, nasoma kwa sauti, kalamu mkononi. Mazungumzo yasiyotamkika vizuri yanajidhihirisha yenyewe. Nikiitwa, naweka alama naondoka, kwa kuwa kusahihisha kunavumilia kukatizwa.

Na faili zako zipe majina yenye tarehe: riwaya-2025-03-14. Ukiita “mwisho”, wiki ijayo utakuwa na “mwisho” tatu na hujui ipi ndiyo yenyewe.