Somo: kujiandaa kwa usaili wa mahojiano ukiwa na usonji

Mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mazingira) mara nyingi huangushwa na asiyoyatarajia kuliko na upungufu wa ujuzi: geti asilolijua, watu watano mezani alipodhani ni mmoja, swali lisilo na mipaka. Punguza hayo mapema na kujiamini kutafuata. Jipe wiki nzima.

1. Nyaraka. Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za utumishi wa umma Tanzania, beba kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Hati ya matokeo haipokelewi. Vipange vyote kwenye faili moja.

2. Mahali. Nenda siku moja kabla, saa ileile ya usaili. Jua daladala ya kupanda, geti la kuingilia, choo kilipo, na kona tulivu ya kusubiria.

3. Maswali. Hapa ndipo penye kazi kubwa. "Tueleze kuhusu wewe" humchanganya anayelichukua swali jinsi lilivyo. Ataanzia darasa la kwanza. Wanachotaka ni elimu, kazi uliyofanya, na unachoweza kuwafanyia, kwa dakika moja hivi:

"Nina stashahada ya uhasibu. Nimehesabu mali stoo ya vipuri kwa miaka miwili. Tarakimu ikikosewa kwenye leja, naiona haraka."

Usikariri neno kwa neno, maana swali likibadilishwa kidogo utakwama. Andika vidokezo tu kwenye kadi: stashahada, stoo, tarakimu.

Kariri sentensi hizi tatu pekee: "Naomba muda mfupi nifikiri." "Mnataka mfano wa kazini au wa shuleni?" "Nimemaliza kujibu." Ya kwanza ni muhimu kuliko zote, kwani ukinyamaza bila kusema kitu watadhani hujui.

4. Mazoezi. Mara ya kwanza jirekodi kwa simu, ya pili fanya na ndugu, ya tatu na mtu usiyemzoea. Wengi huishia kwa ndugu, na ndugu anakuelewa hata ukijibu nusu.

Maswali ya wanachama

Swali: Nitaje kwamba nina usonji?
Jibu: Uamuzi ni wako, ila jua kwamba matangazo ya Sekretarieti huwataka waombaji wenye ulemavu wauainishe kwenye mfumo wa maombi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ukitaja, taja na unachohitaji: "Naomba swali mojamoja, na ikiwezekana nilione limeandikwa." Neno usonji peke yake haliwaambii wafanye nini.

Swali: Kuangalia watu machoni kunaniumiza, na mikono hainitulii.
Jibu: Angalia katikati ya nyusi za anayeuliza, au sema mwanzoni: "Nikifikiri naangalia chini, lakini nasikiliza." Mkononi shika kipande cha kitambaa. Kalamu ya kubofya iache nyumbani, mlio wake unawasumbua.

Swali: Mwanangu ana miaka 24. Niingie naye?
Jibu: Hapana mama, wataanza kuongea na wewe. Kama anahitaji msaidizi, ombeni kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Msindikize hadi getini, umsubiri mlipokubaliana. Akitoka usimuulize kitu; mpe maji, chakula na saa nzima ya kimya.