Mambo ya Kuzingatia Kabla Damu ya Mgonjwa wa Sepsisi Haijaanza Kumgeuka

Sepsisi ni hali ya mwili kupambana na maambukizi kupita kiasi hadi ukadhuru viungo vyake wenyewe. Mwenye maambukizi akianza kuchanganyikiwa, kuhema kwa kasi au kukojoa kidogo kuliko kawaida yake, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Andikeni dawa zote anazotumia, hasa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na aspirini. Tajeni mzio wake, na kama amewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni.

Kisha chukueni majibu yote ya awali ya vipimo vya damu, kwani hayo ndiyo husahaulika. Nilimuuguza mama mmoja wa ukoo wetu ambaye chembe sahani zake, yaani chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, zilipimwa zahanati zikawa 310,000 kwa mikrolita. Kesho yake hospitali zilionekana 160,000, na kwa kuwa kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 400,000, majibu yalipokelewa kuwa mazuri. Hakuna aliyetambua kwamba zilikuwa zimepungua karibu nusu kwa siku moja, maana karatasi ya kwanza ilibaki kabatini. Jioni miguu yake ilijaa madoa ya zambarau, na alipochomwa sindano damu haikukoma. Mchochota wa sepsisi, yaani mwitikio mkali wa mwili dhidi ya maambukizi, huifanya damu igande ndani ya mishipa midogo, na mgando huo hula chembe sahani na protini za kugandisha hadi mgonjwa, huku viungo vikikosa damu, anaanza kuvuja.

Msidai dawa ya kuzuia mgando kana kwamba ndiyo tiba yenyewe. Protini C iliyoamilishwa, dawa ya sepsisi inayozuia mgando, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, ikaondolewa sokoni mwaka 2011 baada ya utafiti kuonyesha kwamba haikupunguza vifo. Kinachotangulia ni antibiotiki mapema, damu ya kuotesha vijidudu maabara ikichukuliwa kabla yake pasipo kuchelewesha dozi, pamoja na kutoa usaha popote ulipo. Chembe sahani huongezwa kwa kawaida zikiwa chini ya 50,000 na mgonjwa anavuja damu. Asipovuja, mara nyingi husubiriwa zishuke chini ya 10,000. Haidrokotisoni, dawa ya kutuliza mchochota, si ya kila mwenye mchochota: hutolewa hasa pale shinikizo la damu linapoendelea kuhitaji dawa za kulipandisha.

Msimpe aspirini wala ibuprofeni kwa uamuzi wenu, msimkande mguu uliovimba, ulizeni kabla ya sindano yoyote ya msuli, na fizi zikitoka damu mwiteni muuguzi papo hapo.