Namna ya Kupeleka Shauri la Mtoto katika Wilaya ya Shule Nchini Marekani

Mzazi anayeishi katika mji mdogo wa Marekani hana budi kufahamu kwanza kwamba shule za umma huko haziendeshwi na wizara iliyo mbali, bali na wilaya ya shule, ambayo bodi yake mara nyingi huchaguliwa na wakazi wenyewe, nayo huajiri msimamizi mkuu ambaye walimu wakuu huwajibika kwake.

Anza na mwalimu wa darasa. Jambo lisipotatuliwa, mwendee mwalimu mkuu, kisha msimamizi mkuu. Bodi iwe ya mwisho. Katibu wa shule naye usimpite hivi hivi, kwa kuwa ndiye apangaye miadi.

Ukishuku kwamba mtoto ana ulemavu unaoathiri masomo yake, usitosheke na mazungumzo ya mlangoni. Andika barua yenye tarehe: “Naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya elimu maalumu, kwa sababu hawezi kusoma aya moja bila msaada.” Baki na nakala. Wilaya ikikubali, sheria ya shirikisho huitaka ikamilishe tathmini ndani ya siku 60 tangu ipokee ridhaa yako, isipokuwa jimbo liwe limeweka muda wake.

Mkalimani mwombe mapema. Kupatiwa huduma hiyo bila malipo ni haki yako, inayotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na si vyema hata kidogo mtoto afanywe mkalimani wa shauri linalomhusu yeye mwenyewe.